Dawa na Mionzi Pamoja: Usikatishe Safari ya Matibabu

Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini jambo nililoliona hapa Ntalikwa limenifundisha. Tujifunze pamoja.

Mama mmoja, jirani yangu, alitokwa damu kwa miezi mingi, ingawa hedhi yake ilikwisha koma zamani. Aliona haya kusema. Wengine walidai amelogwa. Alipopimwa mjini Tabora, alionekana ana saratani ya mlango wa kizazi. Ilikwisha enea pembeni, hivyo upasuaji haukufaa tena. Akapelekwa Ocean Road, Dar es Salaam.

Ugonjwa huu ni nini?

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi. Saratani hii huletwa na kirusi kiitwacho HPV. Kirusi hicho huambukizwa kwa kujamiiana, na huweza kukaa mwilini miaka mingi. Si uchawi. Hata mke mwaminifu huweza kuugua.

Matibabu yake

Mionzi huua saratani. Hutolewa kwa mashine siku 5 kila wiki, kwa muda wa wiki 5 hivi. Baadaye mionzi mingine huwekwa ndani, karibu na saratani yenyewe. Kila wiki mgonjwa hutiwa pia dawa kwa dripu, iitwayo sisplatini. Dawa hii huidhoofisha saratani ili mionzi iimalize vizuri zaidi.

Tangu mwaka 1999 madaktari duniani wamefuata njia hii. Mwaka 2008 hesabu za majaribio mengi zilijumlishwa. Kwa mionzi peke yake, wanawake 60 katika kila 100 walikuwa hai baada ya miaka 5. Kwa mionzi na dawa pamoja, walikuwa 66. Hao 6 ni mama zetu na dada zetu.

Dawa huleta kichefuchefu na uchovu. Mionzi huweza kuleta kuhara. Dawa huweza pia kudhuru figo, kwa hiyo damu hupimwa kwanza. Mwenye figo mbovu huweza kupewa mionzi tu.

Palizi ilimngoja

Wiki ya tatu damu ilikoma. Jirani yangu akataka kurudi. "Nani atapalilia mahindi na tumbaku?" aliuliza. Hapo ndipo hatari ilipo. Damu kukoma si kupona. Matibabu yote yafaa yamalizike katika wiki 8. Yakikatizwa, saratani huota tena, kama magugu yaliyokatwa juu na kuachwa mizizi.

Majirani tukapalilia shamba lake kwa zamu. Mumewe akamwambia, "Mke wangu, maliza dawa." Akamaliza. Sasa huenda kliniki kila anapoitwa.

Zamani wapagazi wa Unyamwezi walitembea safari ndefu kwenda pwani. Aliyetaka kufika hakuuacha mzigo katikati ya njia. Leo lipo treni, na hospitali ya Bugando, Mwanza, nayo hutoa mionzi.

Tufanye nini?

Akina mama, mkitokwa damu baada ya kujamiiana, au baada ya kukoma hedhi, au uchafu wenye harufu mbaya, nendeni kupimwa upesi. Msingoje dalili: mwenye miaka 30 na zaidi aombe uchunguzi. Mwenye virusi vya Ukimwi aanze mapema zaidi. Akina baba, wapelekeni mabinti wakachanjwe. Chanjo ya HPV ilianza kutolewa nchini kote mwaka 2018.

Na jirani yako akienda kutibiwa, lishike jembe lake.