Fibra optiki mpaka ku kijiji: feza mingi inakufa mu mufereji

Ku mikutano ya koperative ulizo moja linarudia mara na mara: «Ku muji wanavuta fibra. Sisi huku ku kijiji, itafika wakati gani?» Tena wamoja wanaongeza: «Kuna mutu alipita, anasema tukusanye feza, atatuletea.»

Mbele ya kufungua kese ya koperative, muzuri tujue kwanza fibra ni kitu gani, na ni kitu gani ndani ya ile kazi kinakula feza. Jibu linaweza kuwashangaza: haiko ile waya. Ni mufereji. Na kuchimba mufereji, mulimaji hana haja ya kufundishwa.

Fibra ni nini?

Fibra optiki ni uzi wa kioo, mwembamba sawa unywele wa kichwa. Ndani yake hakupiti umeme, kunapita mwangaza. Kifaa kimoja kinawasha na kuzima mwangaza mara mamilioni na mamilioni kwa segonda moja. Kifaa cha ngambo ingine kinasoma ile kuwaka na kuzima, kinaigeuza kuwa sauti, maandishi ao picha. Mwangaza unakimbia ndani ya kioo karibu kilometre 200.000 kwa segonda moja.

Juu ya nini watu wanaitafuta? Waya ya zamani ya telefone ni ya shaba. Intaneti yenye inapita mu shaba inachoka njiani: kama nyumba iko mbali na kituo, inafika kidogo tu ao haifike kabisa. Rezo ya telefone za mukononi inapita hewani, na wote wenye wako chini ya antena moja wanaigawanya. Mumeona wenyewe: mangaribi, wakati kila mutu anafungua telefone, mambo inakuwa polepole. Lakini mwangaza ndani ya kioo unaweza kutembea makumi ya kilometre bila kuchoka. Kwa kijiji chenye kiko mbali, ile ni faida kubwa.

Kuko faida ingine ndogo: ndani ya fibra hamuna shaba ya kuuzisha. Mwizi mwenye anaikata anabaki na kioo na plastiki mukononi. Shida ni kwamba mara mingi anajua vile kisha kukata.

Walimaji wenye walichimba wao wenyewe

Ku Uingereza, upande wa kaskazini mwa Lancashire, kuko bonde la muto Lune. Watu wake wengi wanafuga kondoo na ngombe, na nyumba zao zimesambaa: moja hapa, ingine kilometre moja mbele. Kampuni kubwa hazikuona faida ya kuvuta waya mpaka kule. Hesabu yao ilikuwa rahisi: metre mingi za kuchimba, wateja kidogo. Lakini wale wafugaji walikuwa na lazima ya intaneti. Karatasi za serikali, habari za kuhamisha ngombe, masomo ya watoto, vyote vilikuwa vinahamia ku intaneti.

Mu mwaka 2011 wakaunda shirika lao, jina lake B4RN, na watu wanalitamuka sawa neno la Kiingereza lenye maana ya gala ya shamba. Barry Forde, fundi wa rezo mwenye alikuwa amefanya kazi ku Chuo Kikuu cha Lancaster, na Chris Conder, bibi ya mufugaji, walikuwa kati ya wale wenye walilisimamisha. Walianza na parokia 8. Mwaka wenye ulifuata, wakaanza kuchimba.

Waliifanya namna gani? Mambo ine.

Ya kwanza, njia. Hawakupita kando ya barabara, fasi yenye inaomba kuvunja lami na kuomba ruhusa mingi. Walipita katikati ya mashamba, na wenye mashamba walikubali wapite bure.

Ya pili, mikono. Wanakijiji walichimba wao wenyewe, wamoja na mashini zao za shamba, wengine na beleshi. Wakalaza tiyo ya plastiki ndani ya mufereji, wakafunika. Kisha fibra ikasukumwa ndani ya tiyo na hewa yenye nguvu kutoka ku komprese, mpaka ikatokea ngambo ingine.

Ya tatu, feza. Watu walinunua parti za shirika, na kazi ya kuchimba iliweza kuhesabiwa sawa parti. Lakini ku mukutano kila mwanamemba ana sauti moja, hata kama ana parti kidogo ao mingi. Sisi tunaijua ile kanuni: sheria ya koperative ya OHADA ya tarehe 15 Desemba 2010, yenye inchi yetu inafuata, inasema vile vile.

Ya ine, faida. Shirika liliandikishwa sawa shirika la faida ya wakaaji. Faida yake inapaswa kurudia wakaaji, haiwezi kuingia mu mufuko wa mutu mumoja.

Leo nyumba zaidi ya 10.000 zimeunganishwa. Kila nyumba inapata megabiti 1.000 kwa segonda, kupokea na kutuma sawasawa. Ku miaka ya kwanza kila nyumba ililipa pauni 30 kwa mwezi.

Hesabu ya mufereji

Tuseme kijiji chenu kiko kilometre 4 kutoka fasi yenye fibra inapita, na koperative iko na wanamemba 60. Kilometre 4 ni metre 4.000. Ku udongo laini, tuseme mutu mumoja anachimba metre 10 kwa siku. Wote 60 wanachimba metre 600 kwa siku. Kazi inaisha kwa siku 7. Ku udongo wa mawe hesabu inageuka kabisa. Njo maana mutembee ile njia na jembe mbele ya kuandika hesabu yoyote.

Kampuni ingelipa ile kazi yote, kisha ingeirudisha mu bei yenye mutalipa kila mwezi. Kwa hiyo mikono yenu na ruhusa ya mashamba yenu ni mali. Musiitoe bure bila kuandika. Kama kampuni ao mupango fulani unaomba kupita mu mashamba yenu, muulize: tutapata mulango wa kutokea huku kwetu, ao waya inapita tu chini ya mihogo yetu na kwenda ku muji mungine? Fibra yenye inapita bila fasi ya kutokea haisaidie kijiji kitu, sawa bomba la maji lenye halina robine.

Fasi yenye hatufanane na wao

Hapa lazima tuseme kweli, juu koperative isipoteze feza.

Kwanza, mwangaza unatoka wapi? Mufereji wa kijiji ni tawi tu. Lazima uanzie fasi yenye fibra kubwa iko tayari, na mwenye ile fibra akubali kuwauzishia intaneti. Kama fibra ya karibu iko kilometre 150 kutoka kwenu, kuchimba leo ni kupoteza nguvu.

Pili, udongo. Ku Uingereza mwenye shamba anaweza kutoa ruhusa yeye mwenyewe. Kwetu, sheria ya tarehe 20 Julai 1973 inasema udongo ni wa Serikali, lakini ku vijiji chefu wa desturi ndiye anagawa, na familia ndizo zinalima. Kwa hiyo ruhusa inaomba watu watatu: utawala, chefu, na kila familia yenye shamba lake litachimbwa. Kama moja inasahauliwa, kesho kuna kesi.

Tatu, ruhusa ya rezo. Mambo ya telekomu inaongozwa na sheria namba 20/017 ya tarehe 25 Novemba 2020. Kuuzisha intaneti kwa watu kunaomba ruhusa ya Serikali. Njo maana koperative nyingi itawafaa kufanya kazi pamoja na mutu ao kampuni yenye iko na ile ruhusa tayari, na kumuomba aonyeshe karatasi.

Ine, umeme. Kioo hakipitishe umeme. Ku kila ngambo kunaomba vifaa, na vifaa vinaomba pano ya jua na batri. Batri inachakaa. Muweke feza ya kuibadilisha tangu mwezi wa kwanza, isiwe siku yenye itakufa.

Mufereji na shamba

Sasa niseme sawa agronome. Mafundi wa rezo wanaona waya. Sisi tunaona udongo.

Muchimbe kisha mavuno, mbele ya mvua kubwa. Mukichimba, muweke udongo wa juu, ule mweusi, ngambo moja, na udongo wa chini ngambo ingine. Kufunika, muanze na udongo wa chini, mukanyage vizuri, mumalize na ule mweusi. Mukivichanganya, ile mustari itabaki bila chakula miaka mingi, mahindi itakuwa ya manjano na mutajiuliza sababu.

Ku kilima, musipeleke mufereji moja kwa moja kutoka juu mpaka chini. Mvua itaugeuza kuwa muto mudogo, itabeba udongo wote, na kisha itafunua tiyo. Mufuate mustari wa kilima wenye muliisha kujifunza ku kazi ya kupiganisha mumomonyoko. Fasi yenye lazima kushuka, mupande vetiveri ao tripsakumu kukata njia ya maji.

Tiyo ipite chini kuliko fasi jembe linafika. Mara mingi inaomba sentimetre 60 ao zaidi. Mihogo na migomba, ukiingoa, inavuta udongo wa chini; musiipande juu ya mustari. Mupande maharagi ao majani ya mifugo. Na muweke alama zenye kila mutu anaona, tena muandike njia yote ku karatasi yenye itabaki ku ofisi ya koperative. Mwenye alichimba leo anaweza kuhama kesho. Mutoto wake atakata waya na jembe bila kujua.

Nyumba ya kwanza haiko nyumba

Ku bonde la Lune wanaunganisha kila nyumba. Kwetu, kwa mawazo yangu, mulango wa kwanza ungekuwa depo ya koperative, masomo, ao kituo cha afya. Ile moja inatosha kuanza.

Muangalie walimaji wa kahawa na kakao. Sheria ya Umoja wa Ulaya ya mwaka 2023 juu ya mapori inaomba kila shamba lenye kahawa yake ao kakao yake inaenda Ulaya lijulikane ku karta, na namba zake za GPS. Koperative yenye wanamemba 500 itatuma namba za mashamba 500. Kuzituma na mega za kununua kidogokidogo, na rezo yenye inakatika, ni mateso. Kwa kazi ya namna hii intaneti muzuri ku depo moja inaweza kulinda soko la wote.

Na kama fibra iko mbali sana? Kuko njia ya hewa. Ku kisiwa cha Idjwi, katikati ya ziwa Kivu, rezo ya wakaaji yenye iliitwa Pamoja Net ilipitisha intaneti hewani juu ya maji, bila mufereji. Kilima kimoja kinaona kingine, antena mbili zinasemeshana. Siku fibra itakaribia, mufereji utafuata.

Maulizo ya kupeleka ku mukutano mukubwa

Mutu akifika na kusema atawaletea fibra, mumuulize haya mbele ya kutoa franka hata moja:

1. Mwangaza utatoka wapi, na kutoka pale mpaka kwetu kuko kilometre ngapi? Atupeleke, tuone na macho.
2. Ni nani ana ruhusa ya Serikali ya kuuzisha intaneti? Karatasi iko wapi?
3. Kazi yetu ya kuchimba itahesabiwa namna gani: parti, feza, ao kupunguza bei ya kila mwezi?
4. Mufereji ukiisha, tiyo ni ya nani?
5. Waya ikikatika, fundi anatoka wapi, anafika kisha siku ngapi, na ni nani anamulipa?
6. Nyumba ngapi zinapaswa kulipa kila mwezi juu kazi isisimame?

Kama hajibu ulizo la kwanza, musiendelee na la pili. Kama anajibu yote sita, muyaandike mu prose-verbali ya mukutano, kila mutu atie saini, chefu pia. Kisha mutafute siku ya salongo, na mubebe majembe.