Msimulizi Ana Miaka Mingapi Anaposimulia?

Kila ninapopokea muswada mrefu wa riwaya ya kihistoria kutoka delta ya Rufiji, swali ni lile lile: msimulizi awe na umri gani ili msomaji aamini kwamba aliyaona? Mwandishi anataka mfululizo unaoanzia Vita vya Majimaji hadi leo, wote kinywani mwa mzee mmoja, basi anamwongezea miaka mpaka anafika 120. Acheni hilo. Uzee si cheti cha ushahidi.

Tuhesabu. Mzee wa Kiongoroni, kijiji cha deltani, mwenye miaka 90 leo alizaliwa miaka ya 1930. Königsberg, manowari ya Wajerumani, iliangamia humu deltani tarehe 11 Julai 1915, ilipozidiwa na mizinga ya Severn na Mersey za Waingereza na mabaharia wake wakaizamisha wenyewe. Mzee huyo hakuiona ikipigwa. Alisimuliwa na wakubwa zake akiwa mtoto, na sasa anaisimulia akiwa amekwisha kuwazika. Hapo ndipo penye riwaya, na hapo ndipo waandishi wanapopakimbia ili wampeleke mikokoni mwaka 1915 akashuhudie moshi.

Imani kwamba mkongwe hukumbuka mambo kama yalivyokuwa ndiyo inayoua vitabu hivi. Tazameni Majimaji. Mganga Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe alinyongwa na Wajerumani Agosti 1905. Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam kilipokusanya simulizi za wazee mwaka 1968, miaka 63 ilikuwa imepita na Uhuru ulikuwa na miaka saba. Waliokuwa vijana wakati wa vita walisimulia wakiwa wameona bendera ya mkoloni ikishushwa. Walijua mwisho ambao mpiganaji wa 1905 hakuujua, na kuujua mwisho hugusa kile mtu anachokitanguliza na kile anachokiacha. Kusema hivyo si kuwaita waongo. Tamthilia ya Ebrahim Hussein, Kinjeketile, iliyochapishwa 1969, haina mzee wa kutusimulia kwa kutazama nyuma, kwa hiyo shaka ya Kinjeketile inamtafuna mbele ya macho yetu bila yeyote kuipoza. Msimulizi mzee hawezi kukupa hilo. Anakupa kingine: majuto, msamaha, kinyongo kilichokomaa.

Katika mfululizo mrefu kazi ni ngumu zaidi. Uhtred wa Bernard Cornwell, mwandishi Mwingereza, anasimulia vitabu 13, vya 2004 hadi 2020, akiwa mzee, kuanzia utoto wake. Kadiri vitabu vinavyosonga mbele, matukio yanamkaribia aliyeketi kuyasimulia. Ya utotoni ameshayasamehe. Ya juzi bado yanauma. Muswada unaompa mzee hekima ile ile kuanzia kitabu cha kwanza hadi cha mwisho umeandikwa na mtu asiyekaa na wazee.

Basi fanyeni hivi. Kabla ya sura ya kwanza, amueni anasimulia mwaka gani, kwa nani, na kwa nini sasa. Mnaitaka 1905? Mpeni bibi aliyemsimulia, na sauti ya bibi isikike. Au kila kitabu kiwe na msimulizi wake. Au mtu asome karatasi za marehemu, kama mwalimu mstaafu wa Dar es Salaam katika The Book of Secrets ya M.G. Vassanji, ya 1994. Punguzeni tarehe kinywani mwake. Na mkifika kitabu cha tatu, msirudi kusahihisha alichokosea katika cha kwanza. Mjukuu anayemsikiliza na ambishie.