Gemu 10,000, za Maana Ishirini

Kwa boksi imeandikwa gemu 10,000. Wewe usiingie boksi. Hizi stiki za kuchomeka nyuma ya TV zinatoka Luthuli Avenue, zinapanda mat ya Namanga Road, zinashukia kwa kila duka ya simu Kitengela, na ukiwasha moja utapata ni ukweli, list haiishi. Lakini pitia pole pole. Contra iko hapo mara mob: Contra ya kawaida, Super Contra, Contra ya maisha 30, Contra ya Kijapani, na ingine yenye mtu alibadilisha tu rangi ya suruali akaiita mpya. Mario naye hivyo hivyo. Kuna mpaka gemu za kadi na farasi zimeandikwa Kijapani tupu, hata mwalimu wa IRE hawezi kusaidia. Ukitoa marudio na takataka, zenye mtoi wa Noonkopir, hapa Kitengela, atarudia kucheza kesho ni chache sana.

Ndio maana mimi nasema fundi mnoma wa hizi vitu si yule anakuongezea gemu. Ni yule anakutolea.

Na hii tabia ya kugusa gemu za wenyewe haikuanza jana. Wasee wa rika yangu walianzia kwa TV gemu, zile kopi za Famicom ya Nintendo, yenye ilitoka Japani Julai 1983. Kaseti ya manjano, imeandikwa 9,999,999 in 1, mwongo mkubwa kushinda hata huyu wa 10,000. Tank ndio ilikuwa gemu ya mtaa. Sasa sikia: ile Tank 1990 tulikuwa tunachapa kwa TV ya Great Wall ya inchi 14 haikuwa gemu orijino. Orijino ni Battle City ya Namco ya 1985, wahuni wakaifungua, wakaiongezea mambo yao, ukiokota ile meli tanki inavuka maji. Yaani hatukuwa tumejua hata neno kuflashi, kubadilisha vitu vya ndani ya mashine, na tayari tunakula matunda yake.

Tofauti ni kwamba hizo za kitambo huwezi kuzigusa wewe mwenyewe. Ukifungua unapata kidoa cheusi cha gundi ngumu kimefunika chipu, basi. Kila kitu kimepikwa humo ndani. Na usisumbuke kutafuta ile bunduki ya kupiga bata wa Duck Hunt uichomeke kwa flat screen. Ukivuta, kioo inakuwa nyeusi kufumba na kufumbua, bata anageuka kiboksi cheupe, na jicho la bunduki linatafuta huo mwanga hapo hapo. TV ya mgongo inauleta kwa wakati. Flat screen inachelewa kidogo, bunduki inasema umekosa. Hukukosa, ni TV.

Alafu PS2 ikaingia, na neno kuchipu, kuiwekea chipu icheze gemu za kopi, likaingia nayo. Hapo Kitengela bado kuna maplace za kucheza kwa bei ya chapati, na PS2 ziko hapo hazijastaafu. Gemu ya mwisho kabisa kutolewa ya hiyo mashine ilikuwa PES 2014, Novemba 2013. Lakini keti hapo Jumamosi uone: timu ni za juzi, majezi ni za msimu huu, msee aliyenunuliwa Januari tayari ako kwa kikosi. Konami, wenye PES, hawahusiki. Ni wasee wameketi na kompyuta wakabadilisha faili moja baada ya ingine.

Turudi kwa stiki. Kitu cha kwanza kushika ni hii: mashine yenyewe si ile plastiki, ni memori kadi. Kwa nyingi za hizi, gemu zote zinakaa kwa kadi, na kwa zingine hata programu ya kuiwasha iko hapo hapo. Kadi ikikufa, umebaki na kipande cha plastiki chenye HDMI. Na kadi inayokuja ndani ya boksi huwa ya bei ya chini ya chini.

Kuna kibanda ya simu pale upande wa Noonkopir, fundi ako na laptopu imeshikiliwa na selotepu na kisomea kadi kimoja. Mathe fulani aliingia na stiki kwa karatasi ya sukari, mtoi nyuma yake.

"Kijana wangu, hii kitu imekataa kuwaka."

"Mathe, kuna mtu aliweka hii kadi kwa kompyuta?"

"Ni huyu. Alisema anataka kuongeza za mpira."

Fundi akamwangalia mtoi. "Kompyuta ikakuuliza kama unataka kuformati?"

"Eeh."

"Na ukasema?"

"Si yenyewe ndio iliniambia!"

Hiyo ndio njia kadi nyingi huenda kaburini. Sehemu ya kadi imeandikwa kwa mtindo wa Linux, Windows haiwezi kuisoma, so inadhani kadi imeharibika na inakuuliza kwa upole kama iisafishe. Bonyeza ndio, kwisha. Jibu ni hapana kila saa. Na kabla hujagusa kitu chochote, unatoa kopi nzima ya kadi, si faili tu, unaiweka kando. Huyu fundi alikuwa na kopi ya stiki kama hiyo kwa laptopu, akairudisha na programu ya balenaEtcher, lakini kwa kadi ingine. Kadi mpya nayo aliipima kwanza na H2testw, programu ya bure inayojaza kadi mpaka pomoni alafu inasoma tena ione kama kila kitu kiko. Soko imejaa kadi zimeandikwa GB 64 na ndani ni 8. Ukiijaza inameza tu, kesho ukiomba gemu inakuangalia.

Kuongeza gemu sasa. Watu hutupa faili kwa folda alafu wanashangaa haionekani. Kwa stiki nyingi za hii bei kuna faili inaitwa games.db, ndio daftari ya majina. Gemu kama haijaandikwa hapo ni kama mtoi ako darasani na jina haiko kwa rejista: yuko, lakini hasomwi. Fundi anaifungua, anaandika jina, anaonyesha faili iko wapi, anaweka picha. Za PS1 lazima zije na vipande vyote, bin na cue, ukisahau moja haiwaki. Alafu anaanza kazi yenyewe, kufuta. Contra zote zinaenda, inabaki ya maisha 30 na moja ya wanaume.

Wenye wana jamaa majuu wanajua ile NES ndogo Nintendo walitoa Novemba 2016 na gemu 30 tu, hakuna mlango wa kuongeza. Januari 2017 programu ya hakchi ilikuwa ishatoka, unachomeka hiyo NES kwa kompyuta unaingiza zako. Sony nao 2018 wakaleta PlayStation kadogo na gemu 20, na ndani walitumia emuleta, programu ya kuiga mashine ya zamani, ya bure iliyoandikwa na watu wa intaneti, PCSX ReARMed. Kampuni kubwa na kibanda ya Noonkopir, wanachota kisima kimoja.

Sheria iko, usijifanye huioni. Hizo gemu ni za Nintendo, Konami na Capcom, na Sheria ya Hakimiliki ya 2001 haijasema ukiwa Kitengela ni sawa. KECOBO, bodi ya hakimiliki, wapo. Kuflashi mashine yako na kuuza kadi imejazwa kazi za watu, mimi naona hizo ni mambo mbili, na ya pili sina maneno ya kuitetea. Kuna gemu mpya za NES zinatengenezwa na watu wadogo, kama Micro Mages ya 2019. Unalipa, unaweka kwa stiki, inachapa, na ndani ya list ya 10,000 huioni.

Ukipita Isinya uelekee Kajiado na Ilbissil, stiki inakuwa na maana ingine. Bundles ni pesa, na eFootball ya simu inataka kusasishwa kila saa. Stiki haitaki intaneti. TV ya sola ya volti 12 inatosha, ila usiilishe na mlango wa USB wa TV, huwa hauna nguvu ya kutosha, stiki inajizima katikati ya gemu na mtoi analia. Chomeka kwa ule mlango wa kuchajia simu kwa kisanduku cha sola.

Fundi wa Noonkopir ana ujanja mwingine nimeupenda. Akishika hiyo games.db, anabadilisha majina. Duck Hunt inaitwa Bata. Tekken 3 ni Makofi. Ice Climber ni Wasee wa Barafu. Mteja akileta stiki anamuuliza mtoi, si mzazi, hii mnaiitaje huko kwenu. Shida imebaki kwa moja tu, Ile ya Ndege, kwa sababu watoi wa Kitengela wakisema hivyo wanamaanisha 1942, na wa Ilbissil wanaapa ni Galaga. Ameweka zote mbili, jina moja, na akiulizwa anasema jaribu ya juu kwanza.