Pampu Husukuma Kuliko Inavyovuta

Waosha madirisha wengi wa Uingereza wameacha ngazi. Husimama chini na ufito mrefu wenye brashi kwenye ncha, maji yakipanda kwa mpira kutoka kwenye tangi lililofungwa ndani ya vani. Kioo hakifutwi, hukauka chenyewe bila doa, kwa kuwa maji hayo yameshaondolewa chumvi. Maji ya bomba ya London, yenye chokaa tele, yangeacha alama nyeupe kila tone lilipokaukia.

Kabla ya kuingia tangini, maji hupita chujio la uchafu, kisha la kaboni linalonasa klorini, maana klorini huharibu utando unaofuata. Utando huo wa osmosisi hupenyeza maji kwa kusukumwa na kuacha chumvi nyingi nyuma. Presha ikiwa ndogo, maji safi hutoka machache, tena na chumvi zaidi. Mwishoni resini hukamata ioni zilizosalia. Kuitanguliza resini mbele ya utando ni kutupa pesa: itajaa upesi.

Makosa hasa huanzia baada ya tangi. Fundi akitaka kuilinda pampu inayopandisha maji hadi kwenye brashi, huweka chujio lenye matundu madogo sana kabla yake. Nia ni njema, ila fizikia haikubali. Pampu hupunguza tu presha upande wake wa kuvuta; kinachoyasukuma maji kuielekea ni uzito wa hewa juu ya tangi, unaolingana na nguzo ya maji ya mita 10 hivi. Hapo ndipo mwisho wa kuvuta, hata mota iwe kubwa namna gani. Chujio likianza kuziba, hula akiba hiyo ndogo, pampu ikaanza kugonga na kufyonza hewa kupitia viungio vilivyolegea. Upande wa kusukuma, pampu ndogo ya volti 12 huweza kufikia nguzo ya mita 70. Basi kabla ya pampu kitoshe kichujio cha wavu wa kuzuia vipande vinavyoweza kukwamisha vali. Kilicho kizito kupitisha maji kikae baada yake.

Huko nako kuna gharama. Mwoshaji akifunga maji kwenye ufito, chombo cha chujio hubeba presha yote, na cha plastiki dhaifu hupasuka.

Kisha kuna mpira, ambao watu huusahau wakailaumu pampu. Kwa lita 2 kwa dakika, mita 100 za mpira wenye tundu la milimita 6 humeza presha ya karibu mita 40. Tundu la milimita 8 humeza kama 10 tu. Dirisha la ghorofa ya tatu lenyewe linadai mita 10 hivi.

Ni heri kufunga geji mbili, moja kila upande wa chujio. Pengo la vipimo vyake likikua ilhali maji yanatoka kwa kasi ileile, chujio limeanza kuziba.