Piko si hina: pambo linaloacha malengelenge

 

Msimu wa Iddi na harusi ukifika, dada zetu hupambwa maua mikononi na miguuni. Hilo si baya, kwani hina ni pambo lililojulikana tangu zama za Mtume (S.A.W.). Lakini sherehe zikipita, zahanatini huja kina mama wenye mikono iliyovimba, inayowasha, na malengelenge yaliyofuata mistari ya maua yale yale. Ukiwauliza, watasema walipaka hina. Ukidadisi zaidi, utakuta ilikuwa piko.

TOFAUTI YAKE

Hina ni majani ya mti yaliyokaushwa na kusagwa. Hukorogwa kwa maji au ndimu, huachwa mwilini kwa saa kadhaa, na rangi yake huanza ya machungwa, kisha huiva kuwa ya kahawia baada ya siku moja au mbili. Hina peke yake haitoi weusi wa makaa. Ukiona weusi huo umeshika kwa muda mfupi, jua pana kitu kingine.

Kitu hicho mara nyingi ni kemikali iitwayo parafenilinidiamini, kwa kifupi PPD, iliyomo katika kanta nyingi za nywele. Wengine huiuza kwa jina la "hina nyeusi", na wapo wanaoichanganya ndani ya hina. Nchi za Umoja wa Ulaya zinairuhusu katika rangi za nywele tu, isizidi asilimia 2 inapopakwa, na zimekataza kuipaka kwenye ngozi. Mpambaji anayekoroga kwa kukisia atajuaje kiasi alichotia?

KWA NINI INADHURU

Huenda ukauliza: mbona nimepaka miaka yote sikudhurika? Huu ni mzio. Mwili huanza kwa kuitambua kemikali, na mara hiyo ya kwanza waweza usione kitu, au upele ukatoka baada ya wiki moja au mbili. Ukishaitambua, safari inayofuata upele hutoka ndani ya siku moja hadi tatu, tena kwa nguvu zaidi. Ngozi inaweza kubaki na mabaka au kovu.

Kubwa zaidi, mzio huu kwa kawaida hubaki maisha yote. Binti aliyechorwa maua leo anaweza kupaka kanta ukubwani akavimba uso na macho. Baadhi ya dawa za ganzi nazo zinaweza kumdhuru.

Wanaume nao wanaopaka kanta ndevuni wasijione wamesalimika. Wakumbuke pia kuwa Mtume (S.A.W.) alipoagiza mvi za Abu Quhafa, baba yake Abubakar (R.A.), zibadilishwe rangi, alielekeza weusi uepukwe.

UFANYE NINI

1. Ukianza kuwashwa, osha mara moja kwa sabuni na maji mengi.
2. Weka kitambaa safi kilicholowa maji baridi. Usitumbue malengelenge, wala usipake dawa ya meno, majivu au mafuta ya taa.
3. Nenda kituo cha afya upewe dawa ya kupaka na ya kuzuia muwasho.
4. Ukivimba macho au midomo, au ukapumua kwa shida, kimbilia hospitali saa hiyo hiyo.
5. Ukishapata mzio, usijaribu tena hata kidogo, na mweleze kila tabibu anayekutibu.

Mtoto mchanga asipakwe hata hina halisi. Wapo waliozaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD, na hina inaweza kuvunja chembe zao za damu.

Mwenye vidonda ambaye maji yatamdhuru asiache swala. Sharia imemwekea wepesi wa kupangusa juu ya bendeji au kutayamamu. Amuulize sheikh wake namna inayomfaa.

Dada yangu, kabla hujanyoosha mkono, muulize mpambaji ametia nini. Akishindwa kujibu, urudishe mkono wako. Mwili ni amana, na Allah (S.W.) ametukataza katika Surat al-Baqara, aya ya 195, kujitia wenyewe katika maangamizi.