Sindano ya mgongo: ulalavyo ndivyo ganzi iendavyo

Ukitarajia kujifungua kwa kupasuliwa, bila shaka umeshaonywa na jirani au shangazi kwamba sindano ya mgongo hupoozesha miguu. Hofu hii huwafanya baadhi ya akina mama kuikataa na kudai walazwe usingizi kabisa. Kabla hujaamua, fahamu jinsi dawa yenyewe inavyosafiri mwilini.

Uti wa mgongo una pingili, na ndani yake umepita mkungu wa neva kutoka kwenye ubongo. Kwa mtu mzima, mkungu huo hukoma kwenye pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo mna nyuzi za neva tu, zinazoelea katika maji kama mkia wa farasi. Daktari hupapasa mifupa ya nyonga ili akisie pingili ya nne iko wapi, kisha hudunga karibu na hapo, chini ya mwisho wa mkungu. Ndiyo sababu unaambiwa ukunje mgongo kama paka aliyekasirika na usitikisike: pingili hupanuka zikaacha mwanya wa sindano.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawaelezwi. Dawa itumiwayo sana, bupivakeini, huchanganywa na glukosi ili iwe nzito kuliko maji ya uti wa mgongo. Mimina sharubati nzito katika glasi ya maji uone: huzama. Dawa hii nayo huteremka, na mteremko wake ni mwili wako.

Ukikaa wima kwa muda baada ya kudungwa, ganzi hutuama makalioni, na kupasuliwa tumbo hakuwezekani. Ukilala ubavu, upande wa chini hufa ganzi zaidi. Tena wanawake wengi wana nyonga pana kuliko mabega, hivyo wakilala ubavu uti huinama kuelekea kichwani na dawa hufuata huko. Ukilala chali, kiuno huwa kama kilima na mgongo wa juu kama bonde, basi dawa huteremka hadi kifuani. Hilo ndilo linalotakiwa, kwani kwa upasuaji huu ganzi yafaa ifike usawa wa matiti. Mjamzito pia huhitaji dawa kidogo kuliko wengine, kwa kuwa mishipa ya damu iliyovimba mgongoni hupunguza nafasi ya yale maji.

Kwa hiyo usishangae muuguzi akikulaza upesi, akikuwekea mto chini ya nyonga ya kulia. Ukiegemea kushoto, mimba haikandamizi mshipa mkubwa urudishao damu moyoni. Hata hivyo shinikizo la damu laweza kushuka, kwani ganzi hulegeza mishipa. Ukihisi kichefuchefu au kizunguzungu, sema papo hapo. Dawa yake ipo. Pamba yenye spiriti ikipitishwa tumboni, jibu ukweli kama wahisi baridi, usijikaze kisabuni. Vidole vya mikono vikianza kufa ganzi, au pumzi ikiwa nzito, sema pia: ganzi imepanda. Mara nyingi ni misuli ya kifua tu iliyolegea, maana neva ya kiwambo cha kupumulia hutoka shingoni, juu zaidi. Lakini hilo aliamue daktari, si wewe.

Na miguu? Huamka baada ya saa chache. Kupooza kwa kudumu hutokea kwa nadra sana.

Maumivu ya kichwa ndiyo usumbufu wa kweli. August Bier, daktari Mjerumani aliyeanzisha ganzi hii mwaka 1898, alidungwa yeye mwenyewe akaugua kichwa siku kadhaa. Kulazwa kitandani bila mto siku nzima, kama ilivyozoeleka zamani, hakuzuii maumivu hayo. Sindano nyembamba yenye ncha butu ndiyo huyapunguza. Kichwa kikikuuma ukiketi na kutulia ukilala, rudi hospitalini, usinunue tembe dukani ukanyamaza.