Kuanza golf na miaka 23: njia ya Calvin Peete

Hapa Lubumbashi, ukisema « Golf », wengi wanafikiria kwanza kartie: Golf Météo, Golf Battant na zingine. Muchezo wenyewe wanauona kwa mbali, wanasema ni wa matajiri. Je, mutu masikini, aliyehamahama, na ambaye hakuanza tangu utoto, anaweza kuufanya kuwa kazi yake? Maisha ya Calvin Peete, Mumarekani mweusi, yanaleta jibu.

Mutoto wa kuhamahama

Peete alizaliwa Detroit mwaka wa 1943. Wazazi waliachana, akapelekwa kwa nyanya yake Missouri, kisha kwa baba yake Florida, katika nyumba yenye watoto wengi. Masomo aliacha mapema, akaingia kuvuna mashamba ya watu kwa malipo madogo. Kisha akanunua gari, akalijaza nguo na vitu vidogo, akawa anafuata wafanyakazi wa mashamba kila musimu, toka Florida mpaka upande wa New York. Ni kama wachuuzi wa kwetu wanaofuata wachimbaji kila kwenye madini yanatoka.

Mwaka wa 1966, katika muji wa Rochester, marafiki walimwambia wanaenda kwa karamu. Kumbe walimupeleka kwa kiwanja cha golf! Alikuwa na miaka 23, na hakuwaka amegusa fimbo ya golf hata siku moja. Toka pale hakuacha tena. Alisoma vitabu, akapiga mipira mpaka giza linaingia.

Tena alikuwa na kilema. Utotoni alianguka juu ya muti, kiwiko cha mukono wa kushoto kikavunjika, na mukono haukunyooka tena. Walimu wa golf wanasema ule mukono unapashwa kuwa wima. Wake ulikuwa umepinda, lakini mupira ulienda sawasawa: toka 1981 mpaka 1990, miaka 10 mufululizo, njo yeye aliongoza wachezaji wote wa ligi kubwa ya Marekani kwa kupiga mupira wa kwanza bila kutoka njiani.

Namna kazi hii inaenda

Muchezaji wa golf wa kulipwa hana mushahara wa mwezi. Safari, hoteli, mutu wa kubeba mufuko, vyote analipa mwenyewe. Kisha siku mbili za kwanza za mashindano, walio nyuma wanatolewa, na wengi wao wanarudi mikono mitupu. Hata kuingia katika ligi kunaomba mutihani wa uwanjani. Peete alianza kuwa mulipwa 1971, akaanguka mutihani mara mbili, akapita mara ya tatu, 1975. Ushindi wa kwanza ulikuja Milwaukee, 1979. Kwa jumla alishinda mara 12, na Players Championship ya 1985 ndani.

Vizuizi vingine havikuwa vya uwanjani. Mpaka 1961, chama cha wachezaji wa kulipwa cha Marekani kilikuwa na sheria ya kupokea wazungu tu. Na ili kucheza Ryder Cup, Peete aliombwa diploma ya sekondari. Mutu muzima, tayari bingwa, akarudi kwa masomo, akapata diploma 1982. Ryder Cup alicheza 1983 na 1985. Alikufa 2015, na miaka 71.

Si yeye peke

Vijay Singh, Muhindi wa Fiji, alihama kwao, akafundisha golf Borneo, akaja Afrika kutafuta pesa na kushinda Nigeria Open 1988. Akafika Marekani, na mwaka wa 2004, na miaka 41, akawa namba moja duniani. Ngambo ya Kasumbalesa, Madalitso Muthiya alikuwa Muzambia wa kwanza kucheza US Open, 2006. Lakini yeye alianza angali mutoto mudogo.

Somo kwa kwetu

Kuchelewa peke yake hakuzuie mutu. Lakini tusisahau: Peete alikuwa na pesa ya biashara yake, na kile kiwanja cha Rochester kilikuwa cha watu wote, bei ya chini. Kijana anayebeba mifuko ya wengine anaweza kuwa na jicho na mukono muzuri. Kama hana mahali pa kupiga mipira bila kulipa pesa mingi, hata akianza na miaka 6, njia itakuwa ngumu kuliko ya Peete.